Wapangaji wa Tumboni

6 Machi

Kitinda, kitindamimba wetu,

Shuleni walitufundisha kuanza barua kwa "mimi ni mzima wa afya, sijui wewe". Nimeanza hivyo, nikachana karatasi. Nimeanza tena, nikachana tena. Ni uongo, na wewe utaujua tu. Basi naanza bila hiyo. Mimi si mzima. Siumwi mahali pa kuonyesha kwa kidole. Daktari ameuita ugonjwa huu sonona, akanipa vidonge, kimoja kila asubuhi baada ya kula. Nakula kwa ajili ya kidonge, si kwa njaa.

Najua umepiga simu. Najua pia ulimpigia shemeji yako kule saluni, akakudanganya kwamba nimeenda sokoni. Nilikuwa chumbani, nimekaa kitandani, naisikiliza simu yangu ikilia mpaka ikachoka. Usinichukie. Simu inataka nicheke papo hapo, na ukinisikia sicheki utalia, halafu itabidi mimi ndiye nikubembeleze. Sina nguvu hizo. Barua inanisubiri. Nikichoka naiacha mezani, nikijisikia narudi.

Cherehani nimeifunika kwa lile shuka la maua. Wateja wakija shemeji yako anawaambia fundi yuko likizo. Likizo! Mtu ambaye hata asubuhi ya harusi yake alikuwa anapiga pasi gauni la mwenzake.

Ila usifikiri nyumba imegeuka matanga. Shemeji yako ndiye anayepika sasa. Wali wake unaweza kuujengea ukuta. Ananiletea sahani, taulo begani, ameinama kama mhudumu wa hoteli kubwa: "Mheshimiwa atakunywa nini leo?" Jana nilikaribia kutabasamu.

Hebu nieleze kazi yako. Mama mkwe ananiuliza unafanya nini huko maabara, namwambia unapima vitu. Ananiuliza vitu gani, namwambia vya maabara.

Dada yako

15 Machi

Dada Redio,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, begi bado liko mgongoni. Sijakuchukia hata chembe. Simu naacha kupiga mpaka wewe mwenyewe useme. Lakini sikufichi, nimeikosa sauti yako. Mtu aliyeitwa Redio kwa sababu baba alikuwa anatafuta kitufe cha kumzimia, leo nyumba yake iko kimya! Ninachotaka ni kimoja. Siku moja nipige simu, upokee, nikusikie ukicheka kile kicheko chako cha kuku aliyetaga. Mengine yote nitayavumilia.

Sasa kazi yangu. Kaa chini kwanza. Mwambie mama mkwe napima choo. Ndiyo, hicho hicho unachokifikiria. Watu wanaleta kwenye vikopo, mimi navaa glavu, barakoa na miwani, natafuta wadudu. Tumbo la mtu limejaa wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na inaelekea wanazungumza na ubongo. Kuna mshipa mrefu wa fahamu kutoka kichwani hadi tumboni, habari zinapita humo huku na huku. Si unajua ukiogopa tumbo linavyokoroga? Basi watu wenye sonona, mara nyingi wadudu wao wako tofauti na wa watu wengine. Kwa nini, ndicho tunachokitafuta.

Mkuu wetu wa maabara, yule daktari mama mwenye sauti ya kengele, anaandikisha watu wenye sonona kutoka miji mbalimbali. Je, utakubali? Mimi sitaruhusiwa kukushughulikia, maana ndugu hampimi ndugu. Kopo lako litakuwa na namba tu. Utalichukua kliniki ya hapo kwenu na utalirudisha hapo hapo. Ukikataa hakuna neno, bado ni dada yangu.

Kitinda

27 Machi

Kitinda,

Yaani miaka yote ile mama anakuamsha alfajiri usome, mwisho wa safari ni choo? Shemeji yako nilipomsomea alicheka mpaka akashika ukuta, na kesho yake akaenda kusimulia saluni, nusu ya kichwa cha mteja imenyolewa na nusu bado. Sasa mtaa mzima unajua. Mzee mmoja ameuliza kama unaweza kumwangalia na yeye.

Nimekubali. Nesi wa kliniki alinisomea karatasi, nikaweka sahihi, nikapewa kopo. Kopo lenyewe zuri, lina kijiko kidogo kwenye kifuniko. Ningelipata zamani ningewekea vifungo.

Jambo moja tu limenikaa. Hao wadudu. Tangu niisome barua yako najisikia kama gunia la mahindi lililosahauliwa stoo. Lakini usijali, sitakuaibisha mbele ya wakubwa zako. Nimeanza kufanya usafi. Siku wakifungua hilo kopo watakuta mambo safi.

Dada yako

4 Aprili

Dada Redio,

Shikamoo nyingi! Umefanya usafi? Nimeruka maabara nzima, nusura niangushe trei. Mkuu wangu anasema mtu mwenye sonona akianza kushika ufagio kwa hiari yake, hiyo ni dalili njema kabisa. Endelea hivyo hivyo, usiache. Safisha mpaka pembeni, fungua na madirisha, toa kila kitu nje! Ila usijichoshe, pumzika katikati.

Naandika kwa haraka, kuna vikopo vimefika na barafu inayeyuka. Nimefurahi, dada. Nimefurahi mno.

Kitinda

22 Aprili

Shemeji,

Mimi na kalamu hatujuani vizuri, mkono umezoea mashine ya kunyolea. Simu nimeiogopa, ukuta wetu ni mwembamba na yeye yuko upande wa pili. Hajui kama nakuandikia.

Ulimwandikia "safisha mpaka pembeni, toa kila kitu nje". Nimeiona kwa macho yangu. Ulimaanisha nyumba? Maana nyumba nafagia mimi. Anachosafisha yeye ni tumbo. Alienda duka la dawa akanunua dawa ya minyoo. Akapekua droo ya vifungo akakuta antibiotiki zangu za lile jino, akazimaliza. Akafuatisha dawa ya kufungua tumbo. Anasema anaua wadudu wa huzuni, na tena wageni hawakaribishwi kwenye nyumba chafu. Kubwa zaidi, vidonge vya daktari ameviacha. Kwa maneno yake, wadudu ndio ugonjwa wenyewe, wakiisha vidonge vya nini?

Mwanzoni alichangamka, na mimi mjinga nikafurahi. Sasa haamki. Ana kizunguzungu, analia, chakula hataki hata nikimwimbia. Jana aliniambia, "Nimesafisha kila kitu na huzuni bado ipo. Basi tatizo ni mimi mwenyewe." Shemeji, hapo nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba peke yangu.

Leo nimefunga saluni nimempeleka kwa daktari wake. Hakumgombeza. Amemrudisha kwenye vidonge, ameanza na kiasi kidogo, na kila wiki ataonana na mshauri wa kuzungumza naye. Mimi nimeambiwa nisimwache peke yake siku hizi za mwanzo, na simwachi. Njiani kurudi aliniegemea begani.

Mwandikie upesi. Mimi nikimweleza habari za tumbo ananijibu, "Wewe kinyozi, shughulika na vichwa."

Shemeji yako

26 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, nimejikasirikia mimi, nimelikasirikia neno lenyewe. Wadudu! Sisi maabara tunalitamka kutwa kama wewe unavyosema uzi, nikasahau kwamba kwa mtu mwenye akili zake mdudu ni wa kuuawa. Mimi nikaandika wadudu, wewe ukaona mende. Wewe ukaandika usafi, mimi nikaona ufagio, tena nikakupigia makofi. Tumetoka tumbo moja, halafu tumeshindwa kuelewana kuhusu tumbo.

Ndiyo, shemeji ameniandikia. Usimnunie. Angenyamaza, ningemnunia mimi maisha yangu yote.

Sasa nisikilize. Unaikumbuka nyumba tuliyokulia, vyumba vimezunguka uwanja mmoja, kila mlango na mpangaji wake? Fundi viatu, mama wa mkaa, wale vijana wa gitaa, bibi aliyekuwa anafuga njiwa. Kelele, ugomvi wa zamu ya bomba, nguo zinaanikwa juu ya nguo. Lakini ulipougua ukiwa mdogo, nani alikesha na mama? Wote kwa zamu. Basi hao ndio walio tumboni mwako. Usiwaite wadudu tena, waite wapangaji. Wanavunjavunja chakula ambacho wewe mwenyewe huwezi, wanatengeneza vitu mwili unavyovitumia, na wanapeleka habari juu kwa mwenye nyumba. Wakorofi wamo, ila wengi ni watu wema. Na wewe umewatupia vyombo nje wote kwa mkupuo, mwema na mkorofi.

Hili lifuatalo lisome hata kama mengine umeyaruka. Sisi wenyewe hatujui kama wapangaji wakibadilika ndipo mtu anapata sonona, au sonona ndiyo inayowabadilisha wapangaji. Mtu asiyekula, asiyelala, hata tumbo lake haliwezi kubaki lile lile. Pengine yote mawili. Mengi tumeyaona kwa panya, na wewe si panya. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia leo acha vidonge, tibu tumbo, utapona. Ukisikia nimesema hivyo, nifukuzwe kazi.

Na yale maneno kwamba tatizo ni wewe mwenyewe, yakatae. Huu ni ugonjwa. Una daktari, una dawa, una mtu wa kuzungumza naye. Ukimeza kidonge hujashindwa kitu.

Nimelia kwenye chumba cha majokofu. Huko mtu haingii bila koti, kwa hiyo hakuna aliyeniona. Nimekuambia ili ujue tu kwamba nakupenda, na kwamba machozi hayagandi upesi kama nilivyodhani.

Kitinda

14 Mei

Kitinda,

Marahaba. Nilikununia, nisikufiche. Shemeji yako nilimnunia zaidi, maana wewe uko mbali na yeye anakoroma karibu. Alijinyoa ndevu upande mmoja ili nicheke. Sikucheka. Akaenda nazo kazini hivyo hivyo, wateja wakaingia wakatoka.

Sasa sikiliza na upande wangu. Wewe hujui mtu anavyotamani adui mwenye sura. Muda wote huu najiuliza kwa nini. Nina mume mwema, kazi ninayo mikononi, paa halivuji. Kwa nini naamka na jiwe kifuani? Halafu inakuja barua ya mdogo wangu msomi, inasema kuna wadudu. Nilifurahi, Kitinda! Nikasema kumbe! Kumbe si uvivu wangu, si roho mbaya, ni wadudu, na wadudu nawajua, nimepigana nao jikoni tangu nijue kushika ufagio. Ndiyo maana nilimeza kila nilichokikuta. Walipoisha na jiwe likabaki, nikaona sasa hakuna wa kumsingizia isipokuwa mimi.

Hiyo barua yako ya wapangaji nimeisoma mara nyingi, imelegea kwenye mikunjo. Bibi wa njiwa ndiye alinifurahisha. Nikimfikiria yuko tumboni mwangu na njiwa zake, siwezi kumtilia dawa.

Vidonge nimevirudia, shemeji yako ananisimamia kama askari wa geti. Mshauri ni binti mdogo kuliko wewe, lakini ana masikio ya mtu mzima. Haniambii nijikaze. Wengine wote waliniambia nijikaze, mpaka nikaona nimekuwa fundo. Naenda kwake kwa miguu.

Nina maswali mawili. Wapangaji niliowafukuza watarudi? Na jirani anasema ninywe mtindi asubuhi na jioni, nitapona. Ni kweli?

Dada yako

23 Mei

Dada Redio,

Shikamoo. Watarudi. Si wote kwa pamoja, na kuna wengine watachelewa, lakini wengi hurudi wenyewe. Wawekee chakula wanachokipenda: maharage, mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa sana. Mtindi kunywa kama unaupenda, usiunywe kama dawa. Watu wengi wanauchunguza, lakini hakuna anayeweza kukuahidi kitu juu yake, jirani yako naye asikuahidi.

Kopo lisubiri kwanza. Mkuu anasema baada ya antibiotiki tumbo huwa na hadithi nyingine kabisa, kwa hiyo usubiri mpaka atakapokuita tena. Nilimweleza kilichotokea, nikijua nitakemewa. Badala yake akaomba karatasi wanayosomewa watu kliniki. Neno "wadudu" limefutwa kote. Sasa imeandikwa "viumbe wadogo wanaoishi tumboni, wengi wao wenye faida", na chini yake, kwa wino mzito: "Tafadhali usibadilishe dawa yoyote kwa ajili ya utafiti huu." Hiyo mistari ni yako, dada, japo jina lako halipo.

Wewe usisafishe chochote isipokuwa mikono.

Kitinda

30 Julai

Kitinda,

Mzigo umeenda! Mkuu wako aliniruhusu, na nesi akanipa kopo jipya. Nikasema siwezi kupita mtaani nimelishika mkononi kama kikombe cha chai. Shemeji yako akasema niachie mimi. Akaliweka pamoja na barafu yake ndani ya boksi la keki, akalifunga utepe, akalibeba kwa mikono miwili kifua mbele. Tumefika kwenye kona, yule mama anayeniuzia vitambaa anatuita, "Jamani, leo sherehe ya nani? Naombeni kipande!" Shemeji yako akasimama, akamwambia kwa heshima zote, "Mama, hii hutaipenda."

Nilicheka. Kitinda, nilicheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa barabara na gauni langu safi. Kile cha kuku, hicho hicho. Mama wa vitambaa akaanza kucheka naye, hajui anacheka nini. Shemeji yako amesimama na keki yake, hacheki, ananiangalia tu, macho yamemjaa maji. Nesi alitupokea tukiwa tunajifuta, akadhani tumefiwa.

Usianze kuruka, utaangusha trei. Kesho yake nililala kutwa na jiwe likarudi mahali pake. Mshauri wangu anasema siku mbaya haiifuti ile nzuri, zote ni zangu. Lakini shuka la maua nimelitoa. Sijashona bado. Nimetia mafuta tu, nikazungusha gurudumu, nikaisikiliza.

Dada yako

18 Agosti

Dada Redio,

Shikamoo. Hii ni dhuluma. Shemeji amekisikia hicho kicheko, mama wa vitambaa amekisikia, hata kopo limekisikia, na mimi niliyekiomba tangu Machi nimeletewa kwa maandishi! Lakini nimefurahi hivyo hivyo. Nimeisoma kwenye basi nikacheka peke yangu, abiria wa pembeni akahama kiti.

Usiniulize wapangaji wako wanasemaje. Namba yako siijui na sitakiwi kuijua. Majibu yatatoka ya watu wote kwa pamoja, na hayatatoka kesho. Kitu kimoja tu kimenishinda. Kila kopo likifika nawaza, huenda ni la dada. Na mdogo hawezi kumpita mkubwa bila salamu. Kwa hiyo nayasalimia yote. Juzi mkuu aliingia akanikuta nimeinamia meza, glavu mkononi, naliambia kopo, "Shikamoo." Akasimama. Akaniuliza kama nahitaji likizo.

Sikukumbushi mambo ya simu. Nimesema tu.

Kitinda

9 Septemba

Kitinda,

Marahaba, kwa niaba ya makopo yote.

Mimi ni mzima wa afya, sijui wewe.

Nimeiandika hiyo nikaiangalia kwa muda mrefu. Karatasi sikuichana. Si uzima wa kuruka kamba. Kuna asubuhi bado naamka natafuta sababu ya kuvaa viatu. Daktari ameniambia vidonge viendelee, na mimi nimesema sawa, sina mashindano naye. Lakini ukiniuliza hali yangu leo, nikikujibu hivyo sijakudanganya.

Kwenye kifurushi kuna koti la maabara. Nimelishona kwa vipimo vya kichwani, likikubana ujue wewe ndiye umenenepa. Nimekuwekea na mfuko wa ndani, wa leso, kwa ajili ya kile chumba cha majokofu. Nilikaa nalo tangu chai ya asubuhi, na nilipoinua kichwa shemeji yako alikuwa ameshaweka chakula mezani, nikagundua kwamba njaa inaniuma. Njaa yangu mwenyewe, si ya kidonge. Nikala ule wali wake wa kujengea, nikaongeza.

Mama mkwe ameniuliza ni nini hasa kilichonisaidia. Dawa? Yule binti mwenye masikio? Maharage? Kutembea? Ndevu za upande mmoja? Nimemwambia sijui, ninyi wenye vikopo ndio mtafute. Mimi nina sare za shule zinanisubiri, maana fundi amerudi kutoka likizo na wateja wamejaa uwanjani.

Simu sasa inakaa juu ya meza ya cherehani, pembeni ya mkasi. Imewashwa kutwa. Kila ikilia kidogo shemeji yako anajifanya anasoma gazeti, na gazeti lenyewe kaligeuza miguu juu.

Ukimaliza kusoma hapa, nipigie. Sikuahidi kucheka. Nitapokea mwenyewe.

Redio